Dakika moja mbele ya mwenye hoteli: nianzie wapi?

Muuliza: Habari zenu. Kikundi chetu cha akina mama watano hapa Singida tunakamua alizeti. Jana nilimkuta mwenye hoteli mlangoni, nikaanza na historia ya kikundi. Kabla sijafika kwenye mafuta, akapanda gari. Nisaidieni.

Jibu: Pole dada. Mwenye hoteli anawaza jiko lake. Mwambie, "Nakuletea dumu la lita 20 kila Jumatatu asubuhi, likichelewa hulipi." Kisha nyamaza, bei aulize mwenyewe. Mama wa nyumbani usimpe maneno mengi: mfungulie chupa anuse. Alizeti iliyokamuliwa vizuri inajitangaza.

Jibu: Kwa afisa maendeleo ya jamii ni tofauti kabisa. Ukifuata ule mkopo wa halmashauri, unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, anza na usajili wa kikundi, magunia mnayokamua kwa wiki na rejesho mtakalomudu kila mwezi. Shida zenu zisubiri aulize.

Muuliza: Asanteni sana. "Hulipi" siwezi kuahidi, mashine tunakodi. Nitasema, "Pakiwa na tatizo nitakupigia Jumapili." Kesho narudi, chupa mkononi.