Mafuta ya upako kwenye frem ya duka: ni imani au hirizi iliyobatizwa?

Wanajamvi, naomba tulijadili hili bila kutukanana, maana linagusa nyumba nyingi hapa Tanzania. Siku hizi ukiingia kwenye frem ya mtu unakuta stika ya nabii wake mlangoni na chupa ya mafuta ya upako chini ya kaunta. Kabla hajafungua biashara anapaka kizingiti. Dereva naye ananyunyizia gari maji ya upako. Wengine wana chumvi, wengine vitambaa. Ukiuliza, unajibiwa kwamba mafuta si kitu, yanasaidia tu imani ipate pa kushika.

Msimamo wangu ni huu: kitu ambacho mtu akikikosa anajiona hana ulinzi wa Mungu, kimeshakuwa mungu mwingine, hata kama kimeombewa madhabahuni. Amri ya kwanza inasema usiwe na miungu mingine. Haikutoa ruhusa kwa miungu midogo ya kwenye chupa.

Najua andiko ambalo watetezi watalileta: Matendo 19, leso zilizotoka mwilini mwa Paulo zikaponya wagonjwa. Nalikubali kabisa. Lakini kwa nini mnasoma mstari wa 11 na wa 12 halafu mnafunga Biblia? Endeleeni. Kuanzia mstari wa 13 wana saba wa Skewa, kuhani wa Kiyahudi, wanalitumia jina la Yesu kama kago, yaani kinga ya kiganga, na mwenye pepo anawapiga mpaka wanakimbia uchi. Mbele kidogo watu wa Efeso wanachoma vitabu vyao vya uganga, thamani yake vipande 50,000 vya fedha. Kisha anakuja Demetrio, mfua fedha aliyetengeneza vihekalu vya Artemi, mungu wa kike wa Efeso, analalamika kwamba mahubiri ya Paulo yanaua soko lake. Mji ni uleule na sura ni ileile. Paulo hakuuza leso hata moja, na mafundi wa vitu vitakatifu ndio waliomchukia. Leo wanaouza chupa wanajiita warithi wa Paulo, jambo linaloniuma sana.

Yakobo 5 nayo inataja mafuta, ni kweli. Wazee wa kanisa wanaitwa kwa mgonjwa, wanampaka na kumwombea. Lakini mstari wa 15 unasema kinachomwokoa mgonjwa ni kule kuomba kwa imani.

Tusisahau Moshi. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa kwenye mkanyagano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Siwalaumu marehemu, walikuwa na shida na walimtafuta Mungu. Nauliza tu nani aliwafundisha kwamba baraka iko pale chini, ukichelewa umeikosa.

Atakayesema kitu kilichotoka kwa Mungu hakiwezi kuwa sanamu, asome 2 Wafalme 18:4. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu mwenyewe, na watu walipona. Baadaye Waisraeli wakaanza kumfukizia uvumba, na Hezekia akamvunja vipande vipande. Na kuvunja kule kunahesabiwa miongoni mwa mema yake.

Ndugu zetu Waislamu wana mjadala kama huu kuhusu hirizi. Mimi ni Mkristo, lakini nayapenda maneno ya Omar bin Khattab, khalifa wa pili wa Uislamu, mbele ya Jiwe Jeusi la Kaaba kule Makka: kwamba anajua ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na kama asingemwona Mtume akilibusu, naye asingelibusu. Ni wachungaji wangapi wanaothubutu kusema hivyo juu ya chupa zao wakiwa wameshika kipaza sauti?

Mnaotetea, karibuni, ila nijibuni hili kwanza: muumini wenu akiishiwa mafuta na hana hela ya kununua mengine, mmemfundisha asali vipi usiku huo?