Gazeti, redio au intaneti: kikundi chetu kilipie nini kabla ya 2027?

Mwekahazina_Nakuru
Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa haraka, mkutano wetu ni Jumamosi. Kikundi chetu hapa Nakuru kimetenga pesa za kila mwezi ili wanachama wapate habari za kuaminika kabla ya uchaguzi mkuu wa 2027. Tumebakiwa na njia tatu: tununue gazeti kila siku, tununue redio nzuri pamoja na dekoda, au tuweke intaneti ofisini watu wasome kwa simu. Nusu yetu wanasema hawapigi kura tena kwa sababu wanasiasa ni wale wale. Waliobaki wanagombana kwa mambo waliyotumiwa WhatsApp. Ipi bora?

FundiSimu
Mwekahazina, hujatuambia chochote. Pesa ni ngapi? Mko wangapi? Wanachama wana simu za intaneti au kabambe za kupiga na SMS tu? Wote wanasoma Kiswahili vizuri? Bila hayo kila mtu hapa atakutajia anachokipenda yeye.

Mwalimu_Bungoma
Gazeti, na hasa Taifa Leo. Habari ya gazeti ina jina la aliyeiandika, na wakikosea ushahidi unao mkononi. Wazee wasioona vizuri watasomewa na vijana, na nakala moja itapita mikono mingi kabla ya jioni. Ila mnunue gazeti lenyewe, msiamini picha ya ukurasa wa mbele inayotumwa kwa simu. Mwaka 2022 kurasa za kughushi zilizagaa, zina nembo na kila kitu. Na 2017 ilisambazwa video ya kura ya maoni iliyotengenezwa ionekane ni ya BBC. Watu wazima wenye elimu waliiamini.

JaKisumo
Mwalimu, heshima yako, lakini mimi nawaelewa wale wanaosema hawapigi kura. Nimekaa Kondele, hapa Kisumu, maisha yangu yote. Tulivuta vitoa machozi 2017, tukavivuta tena 2023 kwenye maandamano ya gharama ya maisha. Mwaka uliofuata baadhi ya waliotuita barabarani wakawa mawaziri katika serikali ile ile. Hakuna aliyerudi Kondele kutueleza kwa nini. Tangu Baba, Raila Odinga, atutoke Oktoba 2025, kila mheshimiwa anadai ndiye mrithi. Gazeti litanisaidia nini hapo?

Mulembe_Malava
Kuhusu redio naomba niwaeleze yaliyotupata, maana bado yananiuma.

Jioni ya 8 Agosti 2022, kesho yake tukipiga kura, Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi wakati huo, alitangaza kwamba kura ya ugavana Kakamega na Mombasa imeahirishwa kwa kuwa picha na maelezo ya wagombea kwenye karatasi yalikuwa na makosa. Ugavana peke yake. Rais, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi, kura zao zilibaki pale pale. Kabla watu hawajalala, ujumbe kwenye makundi ya kijijini ulikuwa umegeuka: "Kakamega hakuna uchaguzi kesho." Asubuhi mtangazaji wa kituo kimoja cha redio akausoma hewani vile vile. Akasema "tumepokea habari", basi. Hakumpigia simu hata karani wa kituo.

Mama alikuwa ameshavaa, akavua viatu akaenda kupalilia. Shemeji zangu wakafuata ng'ombe. Mimi nilikuwa Eldoret, ndiko nilikojiandikisha, kwa hiyo nikajua alasiri nilipompigia kumuuliza foleni ilikuwaje. Nikamtafutia bodaboda. Alifika saa kumi na moja ikikaribia, akapiga kura. Majirani zake wengi hawakupiga, na wapo waliodhani wataitwa siku nyingine wapige zote. Walipoitwa 29 Agosti, ilikuwa ya gavana tu. Kile kituo hakijawahi kuomba msamaha, na yule mtangazaji yuko hewani hadi leo.

Kwa hiyo mkinunua redio, jueni mtasikiliza nani.

MamaRongai
Pole sana dada. Sisi Rongai ubunge wetu uliahirishwa pia, tukapiga hiyo 29 Agosti, na wengi hawakurudi. Lakini usihukumu redio zote. Mama mkwe wangu anasikia Kikalenjin tu. Ukimnyima redio ya lugha yake, umemwachia wajukuu wamsomee WhatsApp.

Mwalimu_Bungoma
Mama, redio za lugha za nyumbani tulizisikia 2007 na 2008. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi ule, ilisema wazi zilichangia uchochezi. Kwa mambo ya siasa mimi siziamini.

MamaRongai
Ni miaka mingi imepita, Mwalimu. Wachochezi wa siku hizi wanatumia Kiswahili na Kiingereza, tena mitandaoni. Mtu anayeanza siku na Radio Taifa na kuimaliza na Dira ya Dunia ya BBC hajapotea.

JaKisumo
Radio Taifa ni ya KBC, na KBC ni ya serikali. Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake yote ya kulipia ya redio na televisheni yaende KBC peke yake. Vituo vya binafsi navyo vina wenyewe, na wengine ni familia za siasa. Mwandishi atamwandikaje anayemlipa mshahara? Januari 2018 NTV, KTN na Citizen zilizimwa siku kadhaa kwa sababu ya kiapo cha Raila pale Uhuru Park. Yeyote mwenye swichi anaweza kukuchagulia habari.

FundiSimu
Ndiyo maana nasema intaneti, omera. Huhitaji kumwamini mtangazaji ikiwa unaweza kufungua chanzo chenyewe. Mwaka 2022 Fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi kwenye tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi, na mtu wa Kaptembwo hapo Nakuru angeweza kukagua kituo chake. Televisheni zilianza kujumlisha, kila moja ikawa na hesabu yake, kisha zikaacha. Fomu zilibaki pale. Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, nayo iko mtandaoni. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha, 106 wakaupinga. Je, wanachama wenu wanajua mbunge wao alisimama upande gani? Hilo halitaki mchambuzi. Habari ya kutiliwa shaka, muitafute kwa Piga Firimbi au PesaCheck, wanaohakiki habari.

JaKisumo
Na hizo fomu makamishna 4 kati ya 7 wa IEBC waliyakana matokeo yake siku ile ile yalipotangazwa.

FundiSimu
Walikana jinsi ya kujumlisha, na Mahakama ya Juu ikayathibitisha matokeo 5 Septemba. Usichanganye.

JaKisumo
Sichanganyi. Nasema mwananchi wa kawaida amwamini nani hapo?

Mwekahazina_Nakuru
Asanteni. Tuko 34, karibu wote wafanyabiashara wadogo, ofisi ina stima. Simu za intaneti ni kama nusu, wengine kabambe. Wale wasiotaka kupiga kura ndio vijana wenye simu nzuri.

FundiSimu
Na pesa?

Mulembe_Malava
Hao vijana waambie hivi. Mwaka 2022 tofauti ya Ruto na Raila ilikuwa kura 233,211. Waliojiandikisha wasipige walipita milioni 7 na nusu, wengi kuliko kura za mshindi. Mwanasiasa anayehonga kijiji kwa leso na unga anafurahia wenye hasira wakibaki nyumbani.

JaKisumo
Kukaa nyumbani nako ni ujumbe.

Mulembe_Malava
Ujumbe kwa nani, ndugu? Hakuna anayeusoma. Mama yangu alipanda bodaboda jioni ile ili karatasi yake ihesabiwe.

Mwalimu_Bungoma
Mimi bado nasema gazeti. Wenye kabambe hawatafungua Hansard.

MamaRongai
Samahani nje ya mada kidogo. Nimehamia Free Area na kura yangu bado iko Rongai. Uhamisho wa kituo unafanywa wapi?

FundiSimu
Ofisi ya IEBC ya eneobunge ulilohamia, mama. Beba kitambulisho halisi, nakala hawaikubali. Nenda mapema, usingoje foleni za mwisho.

MamaRongai
Asante mwanangu. Na mama mkwe alama zake za vidole zimefutika kwa kazi ya shamba, itakuwaje?