Buti ndefu kwa mguu mfupi: nikate, nibane au niache?

Nyota_Nguba (Bukavu)

Habari zenu wadada na mafundi. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Nina kimo cha sentimita 151, wayo una sentimita 22.3, kwa kawaida navaa namba 35. Nimekaa kwenye kiti nikapima kutoka sakafuni hadi mkunjo wa nyuma ya goti: 37. Shavu la mguu, pale penye unene zaidi: 31.

Buti niliyoiona Kadutu, hapa Bukavu, ni ya chagua (mitumba), ngozi halisi, rangi ya chokoleti, namba 36. Shingo (ile sehemu inayopanda mguuni) ina sentimita 40 ukipima kwa ndani, mzunguko wa shavu 36, kisigino kinene cha 6. Zipu iko upande wa ndani, inaanzia karibu na soli mpaka juu kabisa. Nikisimama inagusa goti, nikikaa inanichoma nyuma, na pale juu inabaki wazi kama ndoo. Fundi anaweza kuirekebisha, au ni kutupa pesa? Na ikirekebishika, niivae na nini ili nisionekane nimeazima viatu vya yaya (dada mkubwa)? Kazini navaa sketi, nyingi za kikwembe (kitenge).

Kordonie_wa_Ibanda (Bukavu)

Dada Nyota, hiyo inafanyika, kwa sababu ya mambo uliyoyataja mwenyewe: ngozi halisi, na zipu inayoshuka mpaka chini. Hakikisha tu kwamba pale juu haina lastiki iliyoshonewa wala mkanda wa kufunga. Ikiwa navyo, iache, maana vikiondolewa hubaki matundu yasiyofichika.

Kasoro ya buti hizi iko kwenye pateni (kiolezo cha kukatia). Zimechorwa kwa mwanamke mrefu kukuzidi. Kiwanda kikishuka kutoka namba kubwa kwenda 36 kinafupisha wayo, lakini shingo hakiifupishi kwa kiasi kilekile. Matokeo yake, sehemu pana iliyokusudiwa shavu inaangukia karibu na goti lako, mahali ambapo mguu umeshaanza kupungua tena. Ndoo yako imetoka hapo. Kwa hiyo usipime shavu peke yake. Pima na mzunguko wa mguu pale buti itakapoishia, vidole viwili chini ya mkunjo wa goti. Pima miguu yote miwili, na upime jioni, kwa sababu asubuhi mguu haujavimba.

Hesabu ya kimo cha shingo: 37 toa 3 (vile vidole viwili) ni 34. Ngozi halisi ikivaliwa wiki chache hukunjamana kwenye kifundo na kushuka kama sentimita moja, basi tulenge 35. Ingekuwa ya plastiki ningesema 34 moja kwa moja, maana plastiki haishuki namna hiyo. Kisigino hakiingii kwenye hesabu hii: kinainua mguu wote pamoja na goti. Wauzaji wengi wanapima kuanzia chini ya kisigino hadi juu, kisha wanaandika 41 wakati shingo yenyewe ni 35. Daima uliza kipimo kimeanzia wapi.

Kukata ni juu tu. Mtu akikwambia atakata kifundoni aunge tena, mshukuru uende zako. Kazi inakwenda hivi: vaa buti, weka alama ya mstari mpya sentimita 5 kutoka juu, na nyuma ya goti alama ishuke sentimita moja zaidi kuliko mbele ili upate nafasi ya kukunja mguu. Mwambie fundi ashike kwa vibanio vya karatasi, asitumie pini, kwa sababu tundu kwenye ngozi halifungi. Juu ya mstari inabaki sentimita 1.2 ya kukunja, yaani mkasi unapita 3.8 kutoka juu, si 5. Wengi wanakosea hapo: wanakata kwenye alama, wakikunja buti inakuwa fupi kuliko walivyotaka.

Kabla ya mkasi, kichwa cha zipu kishushwe chini kabisa. Kikisahauliwa juu kinaondoka na kipande kilichokatwa, na hapo unanunua zipu mpya. Meno ya zipu yaliyo ndani ya ile 1.2 yang'olewe kwa koleo, utepe ukunjwe kwa ndani, na mshono upite juu yake mara mbili ili kichwa kisitoke. Ngozi ya pindo ichunwe kwa kisu upande wa nyuma mpaka iwe karibu nusu ya unene wake, la sivyo pindo linakuwa gumu kama ukingo wa sahani na kukwaruza mguu. Gundi ipakwe pande zote mbili, isubiriwe dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, ndipo ibandikwe na kugongwa nyundo. Sindano namba 100 au 110, mishono ya milimita 3 hadi 4. Mishono midogo kuliko hiyo inatoboa ngozi kama ukingo wa stempu, na siku moja inachanika kwa mstari mmoja mnyoofu.

Kubana: shavu lako 31, ongeza 1.5 ya kupumua, iwe 32.5. Kutoka 36 tunaondoa 3.5. Usiitoe yote kwenye mshono wa nyuma, kwa sababu zipu itavutwa kuelekea nyuma na buti itaonekana imejisokota. Toa nusu nyuma na nusu kandokando ya zipu. Kumbuka kila mshono una pande mbili: ukiingia ndani kwa sentimita moja umeondoa mbili. Ubanaji uanze juu ya kifundo kidogokidogo, si ghafla. Tunabana kwanza, tunakunja pindo mwisho, ili pindo lifunike ncha za mishono.

Size35_Birere (Goma)

Kordonie amesema vizuri, ila ameruka kitu kimoja. Wayo wa 22.3 kwenye namba 36 utaogelea. Namba moja ya Ulaya ni milimita 6.7 hivi, na kwenye buti ndefu hizo si chache: kisigino kikipanda na kushuka, ngozi inakunjika mahali pasipo pake na soksi inaliwa.

Suluhisho ni soli ya ndani yenye kabari, nyuma sentimita 1.5, mbele nyembamba. Inaziba sehemu ya hiyo nafasi, na inafanya jambo la pili ambalo wengi hawaligundui: mguu ukipanda 1.5 ndani ya buti, shingo inakuwa imefupika kwa 1.5 ukilinganisha na goti. Yaani ile 40 inakuwa 38.5, na kwa kufika 35 anakata 3.5 tu badala ya 5. Kabari iwekwe KABLA ya alama. Ukikata kwanza kisha ukaongeza kabari, buti itashuka zaidi, kuelekea shavu, na hakuna mkato mbaya zaidi ya huo kwa mguu mfupi. Usizidishe sentimita 2, kisigino cha mguu kitaanza kutoka kwenye nafasi yake ndani ya buti.

Kisha kagua kabla ya kulipa. Bonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba karibu na kisigino. Kuna soli za poliyurethani (aina ya plastiki) ambazo huoza kwa unyevu wa hewa hata kama hazijavaliwa. Kwa nje zinang'aa, ukizikunja mara mbili tatu zinamong'onyoka kama keki. Ukucha ukizama na usirudi, au ukisikia unga, weka chini. Kunja kifundo utazame mikunjo: ikiwa unaona kitambaa chenye nyuzi chini ya rangi, hiyo si ngozi, hata muuzaji aape. Pandisha na kushusha zipu mara tano huku mguu uko ndani, si mkononi. Mkononi kila zipu ni nzima.

Kwa sisi wa Goma, mawe ya volkeno yanakula mpira wa chini ya kisigino haraka sana. Kisigino cha msumari hapa ni mapambo ya kukaa. Kinene, na mpira mgumu wa kubadilisha, ndiyo njia. Bukavu mna miteremko na udongo mwekundu unaoteleza, nadhani hali ni ileile. Na mnaopanda pikipiki: buti ndefu ya plastiki ikigusa bomba la moshi inayeyuka papo hapo. Ngozi halisi inabaki na alama, lakini haigandi kwenye bomba.

Ukikosa ya kukata, pekua rundo la watoto. Namba 35 na 36 za wasichana wakubwa zipo, shingo zake ni fupi na nyembamba, hakuna haja ya fundi. Ubaya wake ni visigino vya chini sana na mapambo ya kitoto, lakini vipepeo vingi vimeshonwa tu, vinafumuliwa.

Mama_Kola_Lushi (Lubumbashi)

Naacha mkasi kwa mafundi, nazungumzia kuvaa.

Mtu mfupi hafupishwi na buti. Anafupishwa na idadi ya mistari ya kulala inayomkata. Hesabu kutoka chini: mkanda wa kifundo, ukingo wa buti, pindo la sketi, mkanda wa kiuno, pindo la blauzi. Ukiwa na mistari mitano kwenye sentimita 151, umegawanywa vipande sita. Punguza ibaki miwili au mitatu, ndipo useme buti haikufai.

Nyota, buti yako ikiishia kwenye 35 na kisigino 6, ukingo wake utakuwa kama sentimita 41 au 42 kutoka ardhini. Basi pindo la sketi lina sehemu mbili tu nzuri. Ama lishuke chini ya ukingo wa buti kwa sentimita 8 hadi 10, lisije likafunua mguu unapopanda ngazi. Ama libaki juu ya goti, na nafasi kati yake na buti iwe ya vidole vinne hadi sita. Pindo linaloacha vidole viwili tu vya ngozi vinavyochungulia ndilo linalovunja mguu. Mafundi cherehani wetu wanapenda kupima sketi ukiwa na kandambili. Nenda na buti mguuni.

Rangi ya chokoleti ni bahati yako. Magazeti ya mitindo ya Ulaya yanasema buti ya rangi ya ngozi inarefusha mguu, halafu yanaonyesha rangi ya biskuti. Kwa ngozi yetu hiyo biskuti ni mstari mweupe unaopiga kelele; chokoleti ndiyo inayoungana na mguu. Ukivaa taiti, iwe ya giza sawa na buti, isiwe nyeusi juu ya kahawia.

Kikwembe: angalia rangi ya chini ya kitambaa, si ya maua. Ikikaribiana na buti, jicho linashuka bila kusimama. Michoro mikubwa kama sahani haikai kwenye sketi ya mtu mfupi, inakatwa na mishono na haieleweki tena ni ndege au ni taa. Chagua michoro isiyozidi kiganja. Kifue kitambaa kabla ya kushona ili wanga utoke. Kikwembe kipya kikavu kinasimama mbali na mguu kama kengele, na buti chini yake zinaonekana kama vijiti. Sketi nyoofu, kiuno juu, mpasuo wa mbele unaoishia sentimita chache juu ya ukingo wa buti. Blauzi iingizwe ndani au iishie kwenye mfupa wa nyonga.

Ncha ya kiatu: iliyochongoka kidogo ni bora kuliko ya duara. Ya mraba, hapana.

Kwa jinzi ndani ya buti, kunja pindo la jinzi kuelekea nyuma lilale bapa kwenye mguu, kisha vuta soksi ndefu juu yake. Hapo hakuna uvimbe gotini. Lakini ukitaka kuvaa hivyo, mwambie fundi asikubane mpaka 32.5, jinzi inahitaji sentimita moja au mbili zaidi.

Jambo moja kwa wenzangu wa huku: mwezi wa sita na wa saba baridi ya asubuhi inatufanya tukimbilie buti zenye manyoya ndani. Manyoya ya milimita 5 yanakula sentimita 3 za mzunguko, na saa sita mchana jua limeshatoka. Buti nyepesi na soksi nzito zinatosha.

Nyota_Nguba (Bukavu)

Asanteni sana, nimeandika vipimo vyote. Maswali mawili. Kordonie (fundi viatu) mwingine amesema ataipunguza kisigino kutoka 6 hadi 4 ili nitembee vizuri kwenye mteremko. Sawa? Na je, buti za kupita goti zinaniruhusu?

Kordonie_wa_Ibanda (Bukavu)

Kisigino: hapana. Soli imekunjwa kiwandani kwa kimo cha 6. Ukiondoa zaidi ya sentimita moja, ncha ya mbele inanyanyuka, buti inaegemea nyuma, na utakanyaga kwa ukingo wa kisigino, ukingo ambao ndio unaoteleza. Ukiogopa mteremko, bandika soli nyembamba ya mpira yenye mifereji mbele. Mpira wa milimita 2 mbele unatosha.

Na ndugu wa Birere ana haki kuhusu kabari. Anza nayo, vaa buti nusu saa ndani ya nyumba, kaa, chuchumaa, ndipo uweke alama.

Mama_Kola_Lushi (Lubumbashi)

Za kupita goti zinaruhusiwa zikipita kweli: vidole vinne juu ya goti au zaidi, zikibana, bila kisigino cha ajabu. Inayoishia juu ya kifuniko cha goti haiko huku wala huko. Kwa kazi ya ofisi na kikwembe, baki na yako.

Size35_Birere (Goma)

Zikilowa mvua, jaza karatasi ndani, badilisha karatasi baada ya saa mbili, ziache mahali penye upepo. Zisikae karibu na mbabula (jiko la makala, yaani makaa). Ngozi iliyokaushwa kwa makala inapasuka pale inapokunjika kifundoni, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Halafu mwombe fundi akurudishie vile vipande vya juu atakavyokata. Ni ngozi ileile na rangi ileile. Zipu ikija kuchanika pembeni, kiraka kipo.