Insha zimekuwa safi mno. Nisahihishe nini sasa?

Mhadhiri Mchovu:
Wakuu, nafundisha historia chuoni, mwaka wa kumi na moja huu. Wiki iliyopita nimesahihisha insha 64. Lugha imenyooka, hata koma haijakosewa. Moja ilinukuu makala yenye kichwa kizuri, jina la jarida na namba za kurasa. Nikaisaka jioni nzima. Haipo, haijawahi kuandikwa. Nikamwita kijana, nikamuuliza hoja ya aya yake ya pili. Akaikodolea macho ile karatasi kama vile ni ya mtu mwingine. Kilichoniuma zaidi ni kwamba pembeni mwa aya hiyohiyo nilishaandika "vizuri sana" kwa kalamu yangu.

Shahada tunazotoa kwa insha za nyumbani zinathibitisha nini? Na zile programu za kunasa maandishi ya mashine, yaani ya akili bandia (AI), zinasaidia?

Fundi Kodi:
Mwalimu, achana nazo. OpenAI wenyewe, kampuni iliyotoa ChatGPT, ile mashine ya kuandika, Novemba 2022, walikuwa na programu ya kunasa ya kwao. Julai 2023 wakaifunga kwa sababu ilikuwa hailengi. Utamwonea mtu bure, hasa anayeandika kwa lugha aliyojifunza ukubwani. Na hiyo makala hewa usiishangae: mashine inakisia neno linalofuata, kwa hiyo inatunga marejeo kwa ulaini uleule inaotungia salamu.

Mwaka wa Pili:
Shikamoo mwalimu. Mimi naitumia, sifichi. Saa saba usiku nimekwama kwenye takwimu, nani mwingine atanieleza mara ya sita bila kuguna? Darasani tuko mia tatu. Mkiipiga marufuku, mnaninyima pekee ninayethubutu kumwambia sijaelewa.

Babu Maktaba:
Mtihani wa mdomo! Vyuo vya Ulaya vya zama za kati vilipima watu kwa mjadala wa ana kwa ana. Dakika kumi kila mmoja, utajua.

Mhadhiri Mchovu:
Marahaba, Mwaka wa Pili. Hilo la kuguna limenipata. Naguna, tena sana.

Babu, nimepiga hesabu: dakika kumi kwa watu 64 ni saa 10 na dakika 40. Insha zilinila siku nne, kwa hiyo sina kisingizio. Waandike watakavyo, na mashine wakitaka, ila waje waitetee mikono mitupu. Yule kijana nimempa wiki moja. Jumatatu naanza na yeye, na lile "vizuri sana" bado sijalifuta.