Mchekeshaji akitaka kuongoza filamu ya kutisha, aanzie wapi?

Kijana wa Shangani, Mtwara
Wakuu, habari za jioni. Mimi na wenzangu tunashuti vichekesho kwa simu, mara nyingi pale kivuko cha Msangamkuu. Sasa nimeandika hadithi ya kutisha: binti anaolewa Mikindani, akifika ukweni kila mtu anamwita kwa jina la marehemu. Nikiwasomea wenzangu wanaangua kicheko kabla sijafika popote, wamenizoea hivyo. Nasikia Jordan Peele wa Marekani naye alitokea kwenye komedi. Alivukaje?

Mama Video, Lindi
Mdogo wangu, huyo nimemfuatilia sana. Aliingia MADtv, kipindi cha vichekesho cha runinga ya Marekani, mwaka 2003, kisha yeye na mchekeshaji mwenzake Keegan-Michael Key wakawa na kipindi chao, Key & Peele, 2012 hadi 2015. Humo alikuwa akiigiza na kuandika pia, na hapo ndipo penye jibu lako. Anayeandika kichekesho anajua amfiche nini mtazamaji na amfichulie lini. Kutisha kunataka ujuzi huohuo.

Filamu yake ya kutisha, Get Out ya 2017, kaiandika na kuiongoza mwenyewe. Bajeti dola milioni 4.5, siku 23 za kushuti, ikaingiza zaidi ya milioni 250. Mwaka uliofuata akapata Oscar ya mswada, Mweusi wa kwanza kushinda kipengele kile cha hadithi asilia. Lakini mimi namheshimu kwa kikombe cha chai. Kijana kaenda ukweni, mama wa mchumba anakoroga polepole kumpumbaza, kijiko kinakwaruza ukingo, kijana kitini machozi yanamtiririka na mwili haunyanyuki. Hakuna damu, hakuna kelele. Siku niliyoionyesha bandani kwangu, hata watoto wa mlangoni walinyamaza.

Mdau, Masasi
Na ule wimbo wa mwanzoni mwa Get Out, uliotungwa na Michael Abels, una Kiswahili ndani yake. Jingine: mwisho wa awali kijana alikamatwa na polisi. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda, Peele akashuti mwingine. Kwa hiyo waonyeshe watu wasiokujua, dogo. Hao wenzako waache kwanza.

Kijana wa Shangani, Mtwara
Shikamoo Mama Video, asante sana. Asante na wewe kaka. Naanza na tukio la binti kupakuliwa chakula, jina linatajwa mara moja tu, kwa upole. Nyumba ya bibi ipo, Mikindani hukohuko. Kuna mtu Mtwara mjini ana taa ya kuazimisha?