Mjadala: Maelezo ya polisi na vinasaba, kipi kimtie mtu hatiani?

Mleta mada, Mtwara Mjini

Wadau, salaam. Juzi kijiweni Mikindani, kahawa ikizunguka, jamaa mmoja alitutupia swali: "Mtu kakiri polisi mwenyewe, na majibu ya vinasaba (DNA) ya Mkemia Mkuu yanamgusa. Mnataka nini tena?" Tukanyamaza wote. Mimi nilinyamaza kwa kukosa pa kuanzia tu. Leo nimepapata.

Naanzia mbali, Perugia, Italia. Usiku wa tarehe 1 Novemba 2007 binti Mwingereza, Meredith Kercher, aliuawa chumbani kwake. Siku chache baadaye polisi wakamhoji usiku kucha Mmarekani aliyekuwa amepanga naye nyumba moja, Amanda Knox, miaka 20. Kiitaliano chake cha kuokoteza, wakili hana, na hakuna kilichorekodiwa. Hadi kunapambazuka alikuwa ametia saini maelezo mawili yanayomtaja muuaji kuwa Patrick Lumumba, mwenye baa ambako yeye alikuwa anafanya kibarua. Lumumba, mzaliwa wa Kongo, akazolewa asubuhi ileile na kukaa ndani wiki mbili, mpaka ikathibitika kuwa usiku wa tukio alikuwa baa kwake anahudumia wateja.

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Alama ya kiganja yenye damu na vinasaba vilivyokutwa chumbani vilimwonyesha mtu mwingine kabisa, Rudy Guede, mzaliwa wa Ivory Coast, ambaye alihukumiwa mwaka 2008. Sasa ungedhani lile karatasi la alfajiri lingechanwa. Wapi! Walimtoa Lumumba, wakamwingiza Guede, hadithi iliyobaki wakaiacha kama ilivyo: Knox na mpenzi wake, Raffaele Sollecito, walikuwepo na walishiriki. Kisu kikachukuliwa kwenye droo ya jikoni kwa Sollecito. Kifungo cha sidiria ya marehemu kikaokotwa sakafuni siku 46 baada ya mauaji. Wataalamu walioteuliwa na mahakama walisema mwaka 2011 kwamba kilichokuwa kwenye ubapa wa kisu kilikuwa kidogo mno kutegemewa, na kile kifungo huenda kilichafuliwa. Wakafungwa, wakaachiwa, wakatiwa hatiani tena, mpaka mahakama ya juu ikawaachia moja kwa moja Machi 2015. Mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema Italia ilimvunjia Knox haki zake katika mahojiano yale. Kosa la kumsingizia Lumumba, hata hivyo, limemganda, na lilithibitishwa tena Januari 2025. Kwa hilo simlilii. Lumumba naye alikuwa na mama yake.

Hoja yangu basi: tunadhani vinasaba vinakuja kuyasahihisha maelezo ya polisi. Mara nyingi vinaokotwa kwa kuyafuata. Nani kakuambia ukachukue kisu kile na si kingine? Karibuni.

Mstaafu, Masasi

Kijana, nimekusoma. Nimefanya upelelezi huku kusini miaka mingi kuliko umri wako, naona. Perugia si Nanyumbu. Wewe umeshafika eneo la tukio saa nane usiku, msimu wa mabibo, uraka, pombe ya mabibo hayo, umejaa vichwani, mvua inanyesha, na kijiji kizima kimeshaikanyaga damu? Ukiuliza nani kaona, hakuna aliyeona. Ukisubiri vinasaba, marehemu atazikwa, na muuaji atakuwa kavuka Ruvuma.

Halafu mnasahau kitu kimoja. Kuna ungamo tupu na kuna ungamo lililozaa. Mtu akisema "panga nimelifukia chini ya mkorosho wa tatu ukitoka kisimani", ukaenda ukalikuta, hapo umempiga mpaka akajua lilipo? Sheria ya Ushahidi inalipa uzito jambo lililogunduliwa kwa kauli ya mtuhumiwa, na ina sababu.

Na msitufanye wote mazuzu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inatupa saa nne za kumhoji tangu azuiliwe. Zikiongezwa, ni kwa utaratibu. Akikana mahakamani kwamba hakukiri kwa hiari yake, inafunguliwa kesi ndani ya kesi, na mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka. Ndiyo maana tukawa tunampeleka pia kwa mlinzi wa amani, kwa kawaida hakimu wa mahakama ya mwanzo, akaungame mbele ya mtu asiye na sare.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. La panga nalikubali nusu. Linakuwa na nguvu pale polisi wenyewe walipokuwa hawajui lilipo. Kama mwenyekiti wa kitongoji alishaliona asubuhi, na mtuhumiwa "akawaongoza" jioni, hapo nani kamwongoza nani?

Na mlinzi wa amani: mtu akitolewa mahabusu saa nne asubuhi, akapelekwa kuungama, kisha saa sita mchana akarudishwa kwa walewale waliomtoa, kichwani mwake yuko mbele ya nani?

Bodaboda, Lindi

Mimi sina sheria, nina yaliyonikuta. Niliwekwa kituo kimoja, sikitaji, kwa abiria niliyempakia jioni, asubuhi akakutwa amekufa. Hawakunipiga hata kofi. Waliniuliza swali lilelile, mmoja akitoka mwingine anaingia, na kila nikijibu naambiwa "mwenzako ameshasema". Mwenzangu yupi? Nilikuwa peke yangu! Ilipofika usiku wa manane nikaanza kujiuliza kama kweli nilimshusha pale ninapodhani nilimshusha. Wallahi. Nilitoka kwa sababu simu ya marehemu ilikutwa kwa mtu mwingine, akabanwa yeye. Ningeletewa karatasi saa ile, ningesaini ili nilale.

Mwanafunzi wa sheria, Mtwara

Ahsante kaka kwa hilo, maana darasani tunalisoma kavu. Mahakama zetu zinalijua tangu zamani. Katika shauri la Tuwamoi dhidi ya Uganda, mwaka 1967, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema ungamo lililokanwa lipokelewe kwa tahadhari kubwa, na kwa kawaida hakimu atafute ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Kwa kawaida tu, maana halikufungwa kabisa. Mahakama ikiridhika kwamba ungamo ni la kweli, inaweza kutia hatiani kwa hilo peke yake. Ndiyo tunayotembea nayo mpaka leo.

Ila mleta mada, umevionea vinasaba. Kesi ya kwanza kabisa ya mauaji kutumia vinasaba, huko Leicestershire, Uingereza, ilianza kwa kumwokoa mtu. Mabinti wawili waliuawa, mmoja 1983, mwingine 1986. Kijana wa miaka 17 akakiri kumuua wa pili. Polisi wakapeleka sampuli kwa Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester wakitaka athibitishe kuwa kijana aliwaua wote wawili. Majibu yakarudi: muuaji ni mmoja, na si huyu. Wakapima damu za wanaume zaidi ya elfu tano wa eneo lile. Muuaji mwenyewe, Colin Pitchfork, alimtuma mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake, siri ikavujia baa, akafungwa 1988. Bila maabara yule kijana angeozea jela na karatasi lake la kukiri.

Muuguzi, Lindi

Ngoja na mimi niseme, maana mnaongelea maabara kama vile sampuli inaruka yenyewe kutoka Liwale hadi Dar es Salaam.

Doa la damu likiwa bichi halifungwi kwenye mfuko wa nailoni. Linaanikwa kivulini, likikauka linatiwa kwenye bahasha ya karatasi. Ukilifunga bichi kwenye nailoni, kwa joto hili letu na unyevu wa pwani, ukungu na bakteria wanavila vinasaba kabla gari halijafika Somanga. Na Somanga yenyewe mnaijua: mwaka 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika na kusini tukabaki kisiwa. Kila kinachochukuliwa kiwe na bahasha yake. Shati la marehemu na suruali ya mtuhumiwa vikisafiri mfuko mmoja, vikifika huko vimeshaambukizana, na majibu yatakuja mazuri sana: "damu ya marehemu imekutwa kwenye suruali." Mkemia hakukosea. Kapima alicholetewa.

Na glavu mpya kila kitu. Ujerumani waliwahi kumsaka miaka mingi mwanamke ambaye vinasaba vyake vilikutwa kwenye matukio kama arobaini, pamoja na mauaji ya askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikagundulika hakuna mwanamke wa hivyo. Vilikuwa vinasaba vya mfanyakazi wa kiwanda, vilivyobaki kwenye vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Ujerumani hiyo, wenzangu.

Nyingine ambayo inanikera. Kinasaba kinasema nani aligusa. Hakisemi lini. Nyumbani kwetu panga moja linashikwa na baba, mjomba, kijana wa kibarua wa korosho na jirani aliyekuja kuazima. Likikutwa na vinasaba vya mjomba, mmejua nini ambacho hamkukijua? Huyo Knox alikuwa anaishi nyumba ile. Vinasaba vyake bafuni kwake ni habari?

Sheria ya vinasaba vya binadamu tunayo tangu 2009, nasikia ni nzuri. Mimi nataka bahasha za karatasi.

Dada wa marehemu, Newala

Nimewasoma wote kuanzia juu. Mtuhumiwa, mtuhumiwa, mtuhumiwa. Kaka yangu aliuawa. Aliyeshtakiwa alikaa rumande miaka, maana mauaji hayana dhamana, na kila tukienda ni "upelelezi haujakamilika". Mwisho aliachiwa. Nguo za kaka yangu zilipotolewa mahakamani, askari wawili walipishana nani aliyezipokea na lini, na hakuna karatasi lililoonyesha zilikuwa kwa nani kati ya wiki moja na nyingine. Maelezo ya kukiri nayo yakakataliwa, yaliandikwa nje ya muda.

Mpaka leo sijui kama yule aliyekaa kizimbani alimuua kaka yangu au hakumuua. Nakutana naye sokoni. Mnajua hiyo ikoje? Ananisalimia. Simwitiki, na nikifika nyumbani najiuliza kama namdhulumu.

Mstaafu, Masasi

Pole sana mama. Hapo umenigusa, na sitakubishia.

Nirudi kwa vijana. Mmelikwepa jambo moja na mimi nitalisema, kwa kuwa limetokea kwetu. Januari 2022 kijana mfanyabiashara wa madini kutoka Nachingwea aliuawa mikononi mwa polisi hapa Mtwara. Askari saba wakashtakiwa, na Juni 2025 Mahakama Kuu Mtwara ikawahukumu wawili kunyongwa, watano ikawaachia. Lilituaibisha sisi tuliovaa ile sare kwa heshima. Siku zile nikawaza: leo wanaandikiwa maelezo walewale waliokuwa wanaandika. Ningependa kujua kama walitaka wakili awepo. Nadhani walitaka.

Kwa hiyo sawa, chumba cha mahojiano kiwe na kamera na sauti. Waingereza walilazimishwa kurekodi kwa sheria yao ya 1984 na uhalifu haukuwashinda kwa sababu hiyo. Lakini kamera nayo ina kidole kinachoiwasha. Mtu anaweza kusumbuliwa ndani ya gari njia nzima kutoka Nangomba, akifika mbele ya kamera anakiri kwa tabasamu. Sheria yenyewe inasema muda wa kumsafirisha haumo kwenye zile saa nne.

Mleta mada

Hapo ndipo nilipokuwa napatafuta tangu kijiweni, mzee wangu. Sitaki kamera ya kukiri tu, nataka iwepo kamera tangu kaunta, na kila bahasha ya muuguzi iwe na saa na saini ya anayetoa na anayepokea, ili dada yetu wa Newala ajue nguo zilikuwa wapi kila siku. Swali moja kwako, la kitaalamu kabisa. Hizo saa nne zinahesabiwa tangu mtu azuiliwe. Hiyo saa ya kuzuiliwa, pale kituoni, anaiandika nani?

Mstaafu, Masasi

Askari wa zamu, kwenye kitabu cha kaunta.

Mleta mada

Yeye alikuwepo mtu akikamatwa?

Mstaafu, Masasi

Hapana. Anaandika saa anayotajiwa na aliyemleta.