Naomba ushauri: udongo mweupe katika shamba letu la Eburru, tuuze au tusubiri?

BintiWaEburru:
Wanajukwaa, salamu. Marehemu baba alituachia ekari nne upande wa Eburru, juu ya Gilgil, Kenya, mahali ambapo mvuke hufuka ardhini na baadhi ya majirani huukinga kwa mabomba ili upoe na kuwa maji. Mvua zilipobomoa ukingo wa korongo letu zilifichua udongo mweupe kama unga, wenye mishipa ya waridi na manjano, unaofika kimo changu. Amekuja dalali anayesema ni kaolini safi, yaani udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, na anataka kulipa kwa kila lori bila maandishi yoyote. Ndugu zangu wangependa tukubali, kwani tunadaiwa karo. Je, udongo huu umetokana na nini, na una thamani kweli?

MpimaMiamba:
Binti yangu, pole kwa kufiwa na mzazi. Eburru ni mlima wa volkano, na miamba yake, hasa trakaiti, raiolaiti na majivu yaliyoshikamana, imejaa kioo cha volkano na madini ya feldispa. Mvuke unaopanda katika nyufa hubeba gesi yenye salfa, ile inayonuka kama yai viza. Ikikutana na hewa na maji karibu na uso wa ardhi hugeuka asidi, nayo asidi huula mwamba, ikaondoa sodiamu, potasiamu na sehemu ya chuma, na kuacha alumini na silika zinazoungana kuwa kaolini. Kwa hiyo udongo wa namna hii hufuata nyufa, haulali kama tabaka la ziwani. Ukuta wa korongo waweza kukuonyesha mita mbili za weupe, kumbe hatua kumi kando ni mwamba mtupu.

Weupe peke yake usikuridhishe, kwa kuwa silika ya opali na alunaiti, madini yenye salfa, nazo ni nyeupe. Chukua mabonge makavu kutoka sehemu mbalimbali, uyatie katika glasi za maji. Likivimba na kuteleza kama uji mzito, huenda ni bentonaiti, ambayo hutokana na majivu yaliyobadilika katika maji yasiyo na asidi, na wanunuzi wake ni wengine, wakiwemo wachimbaji wa visima. Likimeguka taratibu bila kuvimba, kaolini inawezekana.

MamaVyungu:
Dada, mimi ni mfinyanzi, na niliwahi kununua udongo mweupe wa sehemu zenye mvuke kwa kuutazama tu. Ulipoingia tanurini ulitoa harufu ya kiberiti, na sahani zote zikatoka na malengelenge. Tengeneza vipande vya kuchoma, ukwaruze juu ya kila kimoja mstari wa sentimita 10, uvikaushe kivulini, uvichome, kisha upime mstari upya kujua udongo umesinyaa kiasi gani, na utazame rangi. Chuma kikiwa kingi, weupe huo utageuka wekundu.

WakiliWaMashambani:
Kwa Sheria ya Madini ya 2016, madini ni mali ya Jamhuri hata yakiwa chini ya shamba lenu, kwa hiyo uchimbaji unahitaji kibali. Hata hivyo, katika ardhi ya mtu binafsi, idhini ya mwenye hatimiliki inahitajika. Ikiwa hati ingali kwa jina la marehemu, malizeni kwanza mirathi, maana kabla ya hapo hakuna kati yenu awezaye kutia sahihi.

MpimaMiamba:
Niongeze la soko. Udongo ni mzigo mzito wa bei ndogo, na nauli humeza faida. Lakini hata kaolini isiyofaa vyombo vyeupe huweza kuchomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 na kuchukua nafasi ya sehemu ya klinka (mabonge yaliyochomwa yanayosagwa kuwa saruji) katika saruji, hata kama kaolini yenyewe ni asilimia 40 tu ya udongo, mradi salfa isizidi. Chimbeni mashimo machache kuvuka ufa, mpeleke sampuli maabara. Nakusihi, asiingie mtu katika shimo lenye joto, kwa maana kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, nayo hujikusanya chini bila kuonekana.

BintiWaEburru:
Mzee, dada na wakili, asanteni sana. Nimejaribu mabonge matatu tangu jana asubuhi: mawili yamemeguka polepole bila kuvimba, lakini la tatu, nililolitoa karibu na ufa wa mvuke, lingali gumu kama jiwe. Dalali nimemwambia asubiri, na Jumatatu mama nami tunakwenda mahakamani kufungua mirathi.